Ndege Waliobeba Lantana

Jumanne mwethya wetu, kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi hapa Tawa, ulikwenda kung'oa lantana kwa jirani yangu. Afisa wa kilimo alikuwa ametuambia inameza malisho na kuua ng'ombe. Nilishika jembe kwa furaha. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeuonea wivu ule ua wake wa lantana, kila mgeni akisimama kuyasifu maua, kisha akipita kwangu bila kugeuka. Nilipomwomba tawi alisema, "Ngoja mvua, mwaitu, mama yangu." Mvua ilinyesha, tawi sikuliona.

Tulipomaliza, mwenyekiti akapitia nyuma ya jiko langu kutafuta maji ya kunawa. Akapiga kelele, "Na hii je? Nani alikupa, na huyu hampi mtu?"

Kilikuwa kichaka kimoja tu, bado kimefungwa kwenye kijiti kwa kipande cha leso. Tawi lake nilikuwa nimelikata kwa jirani, yeye akiwa sokoni. Wote walinigeukia.

Jirani alikitazama kile kitambaa, akanitazama mimi.

"Ni ndege," akasema. "Wanakula matunda kwangu, wanaangusha mbegu kwake. Afisa si alisema?"

Akainama, akafungua fundo upesi, akanisukumizia kitambaa mkononi. "Ndege wa huku," akaninong'oneza, "wanajua kufunga mafundo."

Lantana imekwisha, lakini wivu haujaniisha. Sasa namwonea wivu kwa moyo wake, na huo siwezi kuukata tawi.