Sufuria Iliyokaa Makumbusho Kimakosa

Leo shangazi yangu ametoka makumbusho na sufuria ya maonyesho kichwani, na mimi ndiye niliyemfungulia geti.

Mnaonijua mnajua: ile nyumba ya mkoloni hapa Lushoto iliyogeuzwa makumbusho, anayetembeza wageni ni mimi.

Basi niko jikoni na walimu kutoka Tanga. Nikawaonyesha sufuria kubwa ya shaba, nikasema kwa ile sauti yangu: "Hii mama mwenye nyumba alikuja nayo kutoka Ulaya."

Shangazi alikuwa mlangoni, ameniletea hotpoti ya chakula.

"Hebu igeuze," akasema.

Miaka yote naipangusa vumbi juu tu. Nikaigeuza.

Chini kuna mikwaruzo mitatu ya msumari.

Jamani! Hiyo ni alama ya kwetu. Iko kwenye kila sufuria na kila beseni nyumbani, ili vikiazimwa msibani virudi. (Nyie mnapaka rangi, najua.)

Shangazi akawageukia walimu. "Mama yangu ndiye aliyekuwa mpishi humu. Sufuria ya wenye nyumba ilitoboka, akawaazima yake. Wakahama, nyumba ikafungwa na sufuria yetu ndani."

Kisha akanigeukia mimi: "Jumamosi tuna harusi Gare. Nitwishe."

Nikamtwisha. Walimu wakapiga makofi.

Pale ilipokuwa, nimeweka kibao kipya: "Sufuria ya mpishi wa nyumba hii. Iko harusini. Itarudi Jumatatu."

Mwenye neno aje Gare Jumamosi. Wali upo.