Barabara ya Moto ya Mdogo Wangu

Asifiwe Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na macho yanayoona na mkono unaoshika kalamu. Naanza na Yeye, kwa kuwa nikianza na mdogo wangu nitaandika vibaya.

Nje kidogo ya Mafinga baba alituachia kilima kimoja, nusu yangu, nusu ya mdogo wangu. Mimi na mke wangu tulipanda paini upande wetu tulipokuwa bado na magoti yenye nguvu. Mdogo wangu naye akapanda mwaka uleule. Mwaka ninaousimulia, miti ilikuwa imebakiza kiangazi kimoja tu ivunwe, na mnunuzi alishakuja kuiona. Kwa miti hiyo tungejenga nyumba ndogo pale tambarare, jirani na zahanati. Miguu ya mke wangu imekwisha, na kila siku ya kliniki hushushwa mteremko kwa pikipiki kama gunia la viazi. Maneno hayo ni yake, si yangu.

Sikukuu ya mwaka mpya familia ilikusanyika kwangu baada ya ibada. Tulipomaliza kula, kila mmoja alisimama kutaja lengo lake la mwaka. Vijana walitaja ya kwao. Mimi nilisema nitaivusha miti kiangazi hiki, basi. Mdogo wangu, mwalimu mstaafu mwenye duka huko Mbeya mjini, alituomba tusimame sote, kisha akainua mkono.

"Mbele za Mungu na mbele ya kaka yangu, mwaka huu siajiri mtu. Kila mwezi nitapanda basi nije kufyeka barabara ya moto kwa mkono wangu mwenyewe."

Barabara ya moto haipiti gari. Ni ukanda wa ardhi tupu unaozunguka shamba la miti. Unafyeka, unapalilia mpaka udongo uonekane, unazoa majani makavu, ili moto ukifika ukose cha kula. Upande wa mashariki, unakotokea upepo wa kiangazi, ulikuwa wa mdogo wangu.

Januari alikuja na fyekeo jipya na buti mpya. Alipiga picha akaituma kwenye kundi la familia, wakampongeza sana. Februari alikuja tena. Machi alifika saa tano, akanikuta nazoa majani.

"Kaka, unafyeka au unafagia sebule ya shemeji?"

"Nafagia sebule atakamoishi," nilimjibu, tukacheka wote wawili. Aliondoka kabla ya chakula.

Aprili alisema mvua ni kubwa. Mei alikuwa na mzigo wa dukani. Juni ndiyo kazi yenyewe, nyasi zikiwa zimekomaa na udongo bado unalainika kwa jembe, lakini ukungu hushuka na manyunyu hayaishi, na vidole hufa ganzi kwenye mpini. Mimi nilikwenda kila Jumamosi. Yeye alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu: "Kaka, moto gani utawaka kwenye friji hilo?"

Julai nilimpigia.

"Mdogo wangu, niruhusu niweke vijana wafyeke upande wako. Gharama ni yangu."

"Usiniaibishe, kaka. Niliapa kwa mkono wangu. Ukinifyekea umenivunjia nadhiri."

"Nadhiri yenyewe imeota nyasi."

"Si wewe uliyetufundisha kipaimara? Nadhiri ni ya nani?"

Miaka yangu yote ya uinjilisti nilifundisha kwamba nadhiri ni ya mtu na Mungu wake, wa tatu haingii katikati. Sikuweza kulikana somo hilo kwa sababu ya nyasi. Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka kitandani.

"Shemeji yangu ana mkono wa kuinua," alisema. "Wa kushika fyekeo ameusahau Mbeya."

Oktoba mtu wa bonde la pili alichoma shamba lake, upepo ukamshinda. Moto ulikuja kutoka mashariki mchana kweupe, ukakuta nyasi za mdogo wangu zimefika kiunoni. Ukala nyasi, ukaingia kwenye miti yake, ukapanda mpaka vileleni. Barabara yangu ilikuwa safi, ungeweza kuandalia watu ugali pale chini. Moto ukapita juu yake, ukaingia kwenye miti yetu. Moto uliokwisha kupanda vileleni hautazami udongo. Tulisimama na majirani, matawi mabichi mikononi, tukitazama.

Kesho yake mdogo wangu alishuka kwenye basi akiwa na buti zake, bado ngumu kwa upya. Alisimama kwenye majivu.

"Kaka, ni mapenzi ya Mungu. Tumshukuru, hakuna aliyekufa."

"Nimeshamshukuru," nilimwambia. "Lakini usimtwike Yeye. Yeye hakuahidi kufyeka."

Akalia. Akaniuliza kama nimemsamehe. Nilimwambia nimemsamehe, kwa kuwa Jumapili nilitaka kushiriki meza ya Bwana na sikuwa na njia nyingine. Ni kweli nilimsamehe. Ni kweli pia kwamba tangu siku hiyo nikiona jina lake kwenye simu, naiacha iite kwanza.

Mnunuzi alirudi, akakwangua magome kwa panga, akatikisa kichwa. Miti aliyochukua aliichukua kwa bei ya kuni. Pale tambarare tulimwaga msingi, tukaishia hapo. Majani yameshaufunika.

Mwaka ulipogeuka, mdogo wangu aliandika kwenye kundi la familia akituuliza malengo yetu mapya. Mke wangu aliniomba nimwandikie jibu lake: "Shemeji, usiape. Njoo tu siku ya kliniki unishike upande mmoja." Alijibu kwa alama ya mikono inayoomba. Siku ya kliniki hakuja. Tulimshusha mke wangu mimi na mwenye pikipiki, kila mmoja akimshika upande wake, taratibu, tukipumzika kila penye jiwe la kukalia.

Bado nashukuru. Mke wangu yupo hai, nami nina nguvu ya kumshika.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie lengo dogo usilohitaji kulitangaza, akupe nguvu ya kulirudia miezi ya baridi, na akuwekee jirani anayefyeka upande wake. Amina.