Tulichozika Badala ya Mdogo Wangu

Mwezi wa sita mwaka 1931 nilimpoteza mdogo wangu katika shamba la chai kule Kericho. Nilimwita mimi mwenyewe. Nilimwambia mama kwamba kazi ipo na chakula kipo, akamruhusu, nami nikaahidi kumrudisha.

Alianza kukohoa wiki ya pili. Sisi watu wa ziwa tulikuwa tukisema kwamba kila mgeni lazima akohoe mpaka mlima umzoee. Mimi pia nilikohoa nilipofika. Kwa hiyo alipoinama kati ya mashimo ya miche, ameshika ubavu, tulimcheka.

"Mlima unakuamkia," mzee mmoja wa kambi yetu alimwambia. "Itikia basi."

"Nimeitikia tangu jana, baba. Haunyamazi."

Tukacheka tena. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kilikuwa kichomi. Siku ya nne alikufa, asubuhi, kabla ya kengele ya kazi. Kufika saa sita walikuwa wamemzika nyuma ya kambi, kwa kuwa kwetu ni mbali na maiti haikai. Hakuna aliyeniuliza.

Nilipita Kapsoit kwa miguu, nikateremka mpaka kwenye joto la kwetu, nimebeba blanketi lake. Mama alikuwa akianika mtama. Alitazama njia nyuma yangu.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Tumemzika huko, mama."

"Huko kwa nani?"



Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukuletwa, huchumiwa tunda la mvungunya, lile refu na zito kama mkono wa mtu, likazikwa nyumbani badala yake. Misheni walitukataza jambo hilo, na mimi nilikuwa nimebatizwa. Baba mdogo alichimba kaburi kando ya nyumba, kisha akaniambia niliteremshe tunda mimi, kwa sababu ndimi niliyemwona wa mwisho.

"Siwezi, baba. Mimi ni Mkristo."

"Basi mlete yeye mwenyewe," alisema.

Sikuwa nikiogopa misheni. Niliogopa kwamba nikilishika tunda lile nitakuwa nimekubali kwamba hilo ndilo nililomrudishia mama. Kusali nilijaribu, lakini nilichosikia ni kicheko chetu kule kwenye miche. Mama naye sasa amekufa, bila kujua kwamba tulicheka. Nilipata miaka mingi ya kumwambia, sikumwambia.

Siku ile alinipokonya blanketi, akalifunga lile tunda, akaingia shimoni mwenyewe. Alililaza, kichwa upande wa kulia, kama kwamba lilikuwa na kichwa. Kisha akanyoosha mkono nimsaidie kutoka, nikamvuta.