Ukurasa wa Kumi na Nne

Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa. Nilisomea uhazili, nikarudi nyumbani Turwa, na kabla mwaka haujaisha nikapata nafasi katika mahakama iliyokuwa ikisikiliza rufaa kutoka mahakama za chini. Nilipewa meza yenye mguu mmoja mfupi, taipureta nzito ya chuma, na kabati ambalo mlango wake haukufunga.

Watu wengi waliokuja kwetu walidhani watasimama tena waeleze yote upya, walete mashahidi, wavue mashati waonyeshe makovu. Haikuwa hivyo. Rufaa husomwa. Hakimu anaangalia kilichoandikwa kule kesi ilikoanzia, na ambacho hakikuandikwa ni kama hakikusemwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikichukua karatasi zilizoandikwa kwa mkono kule chini na kuzipiga chapa, nakala tatu kwa karboni, ili hakimu asome bila kuumiza macho. Niliipenda kazi hiyo mwanzoni. Nilijiona mtu wa maana.

Miaka hiyo dhahabu ilikuwa imewavuruga watu. Tarishi wetu aliacha kazi bila kuaga, tukasikia yuko Nyamongo anashuka shimoni. Mwalimu mmoja jirani yetu alitoka darasani wakati wa mapumziko na hakurudi. Na kwetu masjala, majalada ya mashamba yalianza kuongezeka. Mashamba ya mihogo na mtama, yaliyojaa mawe, ambayo miaka yote hakuna aliyeyataka, ghafla kila moja lilikuwa na wenyewe wawili au watatu.

Bibi mmoja alikuja asubuhi moja ya masika, amevaa kanga mbili zilizolowa na viatu vya plastiki amevishika mkononi. Alikuwa ametoka Kemambo. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye benchi nje ya dirisha langu.

"Mwanangu," aliniambia kwa Kikurya baada ya kunisikiliza nikiongea na mwenzangu, "wewe ni wa kwetu. Basi niambie, kesi yangu imefika?"

Ilikuwa imefika. Jalada lake lilikuwa juu ya meza yangu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mume wake alifariki akamwacha bila mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu, mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe wa mahari na kuoa binti, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na warithi shamba. Tunaita nyumba ntobhu. Bibi alifanya hivyo. Binti huyo, mkamwana wake, alizaa watoto watatu, wakalima pamoja, wakala pamoja, hakuna aliyewauliza. Kisha dhahabu ikaonekana kwenye shamba la jirani, na mdogo wa marehemu mume wake, ambaye alikuwa hajakanyaga pale kwa miaka mingi, akakumbuka kwamba ardhi ni ya ukoo. Alisema mahakamani kwamba yule binti alikuwa mfanyakazi tu, hakuna ng'ombe waliotolewa, na watoto wale ni wa barabarani. Mahakama ya chini ilimpa shamba. Hukumu ilisema hakuna ushahidi wa kutosha wa mahari.

"Lakini mzee alisema," bibi alinieleza. "Mshenga wetu. Rika moja na mume wangu. Alisimama akasema yote. Baba wa binti alishafariki, na kaka zake walivuka mpaka kwenda Kenya, hata hatujui walipo. Mzee ndiye aliyebaki. Utayaona maneno yake humo."

Nilianza kupiga chapa siku hiyo hiyo. Nilipofika ukurasa wa kumi na tatu nilimkuta mzee. Alikuwa ameapishwa, amesema umri wake na kijiji chake, amesema anamfahamu bibi. Mstari wa mwisho chini kabisa uliandikwa: "Naikumbuka siku hiyo kwa sababu". Nikageuza. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa kumi na tano, na aliyekuwa akiongea alikuwa shahidi wa upande wa pili: "Hapana, sikuona ng'ombe yeyote."

Nikahesabu karatasi upya. Nikafungua jalada lote, nikatoa kamba, nikatazama katikati ya barua na hati za wito. Nikapiga magoti nikaangalia chini ya meza, ingawa nilijua sikuwa nimeangusha kitu. Ukurasa wa kumi na nne haukuwepo.

Karani mkuu wetu alikuwa mzee mpole, Mwislamu wa pale mjini, aliyefanya kazi hiyo tangu nikiwa sijazaliwa. Alivaa miwani, akaangalia, akavua miwani.

"Tutaandika barua," alisema.

Tuliandika. Jibu lilichukua wiki nyingi, na lilipokuja lilikuwa na mistari miwili: karatasi zote zilizokuwepo zilikwisha kutumwa. Sikujua, na mpaka leo sijui, kama ukurasa ule uliliwa na mchwa, ulipeperushwa na upepo, au kuna mkono wa mtu uliochomoa. Niliwaza yote matatu, na hakuna hata moja lililonisaidia.

Bibi alikuwa akija kila mara kuuliza. Tulikatazwa kuwaambia wahusika mambo ya ndani ya jalada, na nilijitahidi kutii. Lakini siku moja aliniinamia dirishani akauliza, "Umefika kwenye maneno ya mzee?" na uso wangu ukanisaliti.

Nikamwambia. Nilidhani atalia, au atapiga kelele kama wengine. Yeye alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kurahisisha jambo, "Basi haina shida. Nilikuwepo. Nitakuambia alichosema, wewe uandike."

Na akasema. Alisema kwa utaratibu, akisubiri vidole vyangu.

"Alisema, naikumbuka siku hiyo kwa sababu mvua ilinyesha asubuhi na mto ulikuwa umejaa. Alisema, ng'ombe tuliwavusha mimi na wenzangu wawili, na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe iliyovunjika alikataa kuingia majini, tukamvuta kwa kamba. Alisema, baba wa binti aliwapokea mlangoni mwa zizi, akasema binti yangu sasa ni wa nyumba ile. Hakimu akamuuliza, una hakika? Akasema, mheshimiwa, kamba ilinichubua mkono, tazama."

Nilikuwa naandika. Sijui niliweka karatasi saa ngapi. Bibi alipomaliza alishusha pumzi, akanishukuru, akaenda zake kutafuta lori. Nikabaki na ukurasa umekaa kwenye taipureta, na juu, katikati, kwa mazoea tu, nilikuwa nimeandika namba kumi na nne.

Karani mkuu alikuja kusimama nyuma yangu. Alisoma mpaka mwisho.

"Ni kweli alisema hivi?" aliuliza.

"Bibi anasema ni kweli."

"Nami naamini. Lakini ukiiweka hiyo humo, binti yangu, umeghushi kumbukumbu za mahakama. Utafungwa wewe, na yeye atapoteza shamba vilevile."

Hakunigombeza. Alirudi kwenye meza yake akaanza kupanga mihuri. Niliitoa karatasi ile nikaichana vipande vidogo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, na sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuwa na ukweli mkononi na usimfae kitu.

Karani mkuu ndiye aliyetafuta njia. Alinieleza kwamba mrufani anaweza kuomba hakimu wa rufaa amsikilize shahidi mwenyewe, kama kuna sababu nzito. Bibi alipokuja tena, karani mkuu alimwandikia maombi kwa mkono wake, akambonyezesha kidole gumba chini yake. Akaongeza maombi mengine, kwamba shamba lisiguswe mpaka kesi iishe, kwa sababu bibi alisema wachimbaji wameshaanza. Hakimu alikubali yote mawili. Amri ya kusimamisha uchimbaji ilisomwa mbele ya shemeji wa bibi, mwanamume mnene mwenye kofia ya pama, naye akajibu kwa heshima kabisa, "Mheshimiwa, mimi nimeitii. Lakini hao walioko shambani hata mimi siwajui. Wamekuja wenyewe." Nadhani siku hiyo alikuwa anasema kweli.

Tarehe ya kumsikiliza mzee ilipangwa. Siku hiyo niliwahi kazini. Waliingia uani kama saa tatu: bibi mbele, mkamwana wake nyuma anasukuma baiskeli, na mzee amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, amefungwa kwa shuka asianguke. Alikuwa amekonda mno, na miguu yake ilining'inia kama si yake. Tulimsaidia kushuka. Nilimwamkia, akaweka mkono kichwani kwangu.

"Hakimu yuko wapi?" aliuliza. "Nina pumzi ya leo."

Hakimu alikuwa amelazwa. Malaria ilimpata jana yake jioni, na tulipata habari asubuhi ile ile. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kumsikiliza shahidi. Karani mkuu alitoka akawaeleza, akiongea polepole, akirudia. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi andikeni ninyi."

"Hatuwezi, mzee wangu," karani mkuu alisema.

"Huyu binti si anaandika? Namwona na mashine."

"Anaandika. Lakini lazima hakimu awepo."

Mzee akanigeukia mimi. Nadhani alifikiri hatumwamini. Akaanza kunieleza palepale kwenye benchi, kwa Kikurya, mvua ya asubuhi, mto, ng'ombe mwekundu aliyekataa maji. Maneno yalikuwa yaleyale ya bibi, ila aliongeza kwamba baada ya kuwavusha walikaa ukingoni wakacheka, kwa sababu mmoja wao alikuwa amepoteza kiatu. Akanionyesha kiganja. Sikuona kovu lolote. Ngozi ilikuwa imekunjamana kote. Nikaitikia ndiyo, naona. Nilimpa uji kwenye kikombe changu, akanywa nusu.

Mkamwana alikuwa amesimama pembeni na baiskeli yake. Akauliza, "Tarehe nyingine ni lini?"

Nilimwambia. Alimtazama mzee, akanitazama mimi. Wakamfunga tena kwa shuka wakaondoka.

Mzee alifariki siku tisa kabla ya tarehe hiyo. Bibi alikuja peke yake, akasimama mbele ya hakimu, ambaye naye alikuwa bado amepauka na ugonjwa, akasema shahidi wake hatafika. Hakimu alimpa pole. Alisema atasoma jalada kama lilivyo.

Hukumu aliiandika kwa mkono, nami nikaipiga chapa kabla haijasomwa, kwa hiyo nilijua kabla ya wote. Ilikuwa hukumu nzuri. Nasema hivyo kwa moyo mweupe. Nimepiga chapa hukumu nyingi tangu hapo na ile ilikuwa ya mtu aliyehangaika. Alisema kumbukumbu hazikukamilika, kwamba ushahidi muhimu haupo, kwamba si haki kuamua kwa karatasi pungufu. Akafuta hukumu ya chini. Akaamuru kesi isikilizwe upya kuanzia mwanzo, mbele ya hakimu mwingine.

Iliposomwa, bibi alikaa akisubiri. Watu walipoanza kutoka, alikuja dirishani kwangu.

"Nimeshinda?"

"Hukumu ya kwanza imefutwa, bibi. Kesi inaanza upya."

"Upya vipi?"

"Mtaitwa tena. Mtaeleza tena. Na mashahidi watasema tena."

Nilitaka sana aniulize kitu kingine, chochote, hata jambo ambalo ningelazimika kumkatalia.

"Mashahidi," alisema. Halafu akauliza kama anaweza kupata maji ya kunywa.

Kesi ile haikuanza upya. Ilipangwa mara mbili huko chini, na mara zote mbili hakutokea mtu wa upande wowote. Karibu mwaka ukapita. Kisha mkamwana akaja ofisini, amebeba mfuko wa nailoni, akasema ametumwa na mama mkwe wake kujua kama kuna karatasi anayoweza kuisaini kwa niaba yake ili jina lao litoke mahakamani. Bibi hakutaka tena kuamka na hofu ya wito.

Nilimwambia akae. Alinieleza kwamba shamba sasa ni mashimo matupu, na mengine yamejaa maji. Shemeji mwenyewe alifukuzwa na wachimbaji wenye nguvu kuliko yeye. Alipata alichopata mwezi ule wa mwanzo, baadaye hata kuingia hakuruhusiwa. Kisha dhahabu ya pale ikaisha, wachimbaji wakahama. Yeye na bibi na watoto walikuwa wamehamia upande wa Serengeti, kwa ndugu aliyewapa kiwanja karibu na Ikoma. Yeye alikuwa akifua mashuka kwenye hoteli moja ya watalii. Bibi alikuwa hai, miguu ilikuwa inamsumbua.

"Anakusalimu," alisema. "Anasema wewe uliandika vizuri, tatizo lilikuwa jingine."

Nilimweleza kwamba karatasi hiyo huandikwa kwa mahakama inayosikiliza kesi, si kwetu, lakini nilimpigia chapa barua nikamwonyesha pa kuipeleka. Ilikuwa na sentensi tatu. Nilimsomea kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kikurya. Aliuliza kama imetajwa kwamba watoto ni wa nyumba ile. Nikasema haijatajwa, barua ya namna hiyo haitaji mambo hayo.

"Itaje," alisema.

Nikaingiza karatasi mpya nikaandika upya, na sentensi ya nne ikasema kwamba mrufani na mkamwana wake na watoto watatu ni nyumba moja. Haikuwa na nguvu yoyote ya kisheria, na nilijua hivyo wakati naandika. Alibonyeza kidole kwenye wino, akakiweka chini ya maneno, akaikunja barua mara mbili akaiingiza kwenye mfuko. Nilimsindikiza mpaka getini, nikamwelekeza wapi magari ya Mugumu, ya kumrudisha Serengeti, yanapakia, kisha nikarudi ndani kwa sababu benchi lilikuwa limejaa watu.