Harufu ya Mwenye Njia

Nilikuwa bado mtoto wa kubebeshwa kidumu kidogo, Bibi alipoanza kunichukua kwenda naye shambani ng'ambo ya kilima. Tulikaa Kibirizi, karibu na mwalo wa wavuvi, mahali ambapo dagaa walianikwa mpaka mlangoni na nzi walikuwa kama watu wa nyumbani. Shamba la Bibi lilikuwa kwenye ghuba ndogo tuliyoiita Kabuyange: mihogo, michikichi michache, na chini yake mchanga mweupe na maji maangavu kiasi kwamba ukisimama ndani yake unahesabu vidole vyako vya miguu.

Njia ya kwenda huko haikuwa ngumu. Ilipanda nyuma ya nyumba za mwisho, ikakata ubavuni mwa kilima ziwa likiwa kushoto, halafu ikateremka taratibu. Hata mtoto aliweza kuitembea bila kubebwa. Kilichotutisha ni kijito kilichoikata njia katikati, penye matete marefu. Hapo alikaa Mwenye Njia.

Sijui watoto wa leo wanaogopa nini. Sisi tulimwogopa Mwenye Njia kwa sababu hatukuhitaji kumwona, tulimnusa. Ilikuwa harufu ya mkojo uliolala, mkojo wa godoro lisiloanikwa, na chini yake kulikuwa na kitu kingine kibichi. Mvua ikinyesha, harufu ilipungua. Jua likiwaka, ilikupokea kabla hujafika kijitoni.

Bibi alinipa masharti yake siku ya kwanza.

"Hapa pana mwenyewe. Usiteme mate. Usizibe pua. Na usiseme kunanuka. Ukisema, harufu itakuhamia wewe, na hakuna maji yatakayoitoa."

Basi nilipita nimebana pumzi, macho yakinitoka machozi, wakati Bibi akiweka juu ya jiwe bapa mihogo ya kuchemsha na dagaa, amefunga vizuri kwenye jani la mgomba. Akishaweka, alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayepita uani kwa jirani, "Mwakeye." Ni salamu ya asubuhi ya Kiha. Hakuna aliyeitikia. Jioni tukirudi, jiwe lilikuwa tupu.

Kibirizi nzima ilijua habari hizo. Tuliambiana juu ya mvuvi mmoja aliyeziba pua pale, akaamka kesho yake uso umevimba kama boga. Walevi waliokata njia usiku walizunguka mbali kupitia juu. Na baba yangu mdogo, Saidi, hakuipita kabisa ile njia. Akitaka kwenda Kabuyange alipanda mtumbwi, hata kama ziwa lilikuwa limechafuka. Tulimcheka kwa siri. Tulidhani anaogopa shetani.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya jua kali, shule zimefungwa. Asubuhi nilikuwa nimekula kiporo cha dagaa ambao, kama ningekuwa na akili, ningeona wamekwisha kuchacha. Tulipoanza kupanda kilima tumbo lilikuwa linanizunguka. Tulipokaribia kijito, ile harufu ilinipiga usoni, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimepiga magoti njiani natapika, dagaa wakitoka na vichwa vyao, mpaka puani.

"Bibi," nikasema, "kunanuka."

Mkono wake ulifika mdomoni mwangu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tulibaki hivyo, mimi nikilia ndani ya kiganja chake. Ndipo matete yakatikisika.

Akatoka mwanamke amebeba bakuli la maji.

"Mnawishe mtoto, mama," alisema.

Kanga yake ilikuwa imelowa kuanzia kiunoni. Nyuma yake, juu ya vichaka, niliona matambara mengi yameanikwa, yamefuliwa hadi kuwa meupe. Alikuwa amekonda sana. Lakini alipojaribu kunitabasamia niliona mwanya kati ya meno yake ya mbele, na mwanya ule niliujua. Ndiye aliyekuwa akinisuka nywele, nimekaa katikati ya magoti yake, akiniimbia ili nisilie. Alikuwa Mama Mdogo Zaituni, mke wa Baba Mdogo Saidi. Tuliambiwa kwamba baada ya mtoto wake kuzaliwa mfu alirudi kwa wazazi wake Ilagala.

"Rehema," akasema. "Umekua."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilijivuta nyuma, nikajibanza miguuni kwa Bibi. Mkojo ulikuwa unamtiririka mguuni palepale aliposimama, bila yeye kuchuchumaa, na nzi waliufuata. Nilitazama. Naye aliona ninavyotazama. Aliweka bakuli chini, akasogea kando, akahamia upande ule ambao upepo ulitoka kwetu kwenda kwake.

"Pokea," Bibi akaniambia.

Maji yalikuwa safi, baridi, na ndani yake alikuwa amefikicha majani ya mlimao. Nilinawa uso. Nilisukutua. Nilipoinua kichwa hakuwapo, na Bibi alikuwa anaweka jani la mgomba juu ya jiwe kama kawaida.

Tulipofika shambani, Bibi alinishika mabega. "Yule uliyemwona ni Mwenye Njia. Amejivika sura ya mama yako mdogo ili akujaribu. Ukisema nyumbani, utanuka maisha yako yote."

Nilimwamini, na sikumwamini. Nilijinusa makwapa, nilijinusa viganja. Nililala nimejifunika shuka hadi kichwani nikitafuta ile harufu mwilini mwangu, na nilipoikosa niliogopa zaidi, kwa kuwa nilidhani mtu anayenuka hawezi kujisikia.

Ningenyamaza, nadhani, kama si Baba Mdogo mwenyewe. Jioni moja tulikuwa tumekaa uani tunakula, watoto na watu wazima, ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, waliopikwa kwa mawese. Mke wake mpya alikuwa amekaa pembeni, mjamzito. Mdogo wangu alikuwa amejikojolea usiku, na habari hiyo ikaletwa mezani, kama zinavyoletwa habari za aibu za watoto.

"Endelea tu," Baba Mdogo akamwambia, mdomo umejaa. "Tutakupeleka kwa Mwenye Njia mkakojoe pamoja."

Akacheka. Mafuta mekundu yalimtoka pembe ya mdomo yakashuka kidevuni, na kipande cha samaki kikaruka kikatua kwenye tonge langu. Nikakiangalia kipande kile. Sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa nimeshikwa na kinyaa tu, na kinyaa kikaniondolea hofu.

"Mwenye Njia ana mwanya," nikasema. "Kama Mama Mdogo Zaituni. Na anajua jina langu."

Watu waliacha kula. Bibi aliinamisha kichwa. Baba Mdogo peke yake aliendelea kutafuna.

"Saidi," mama yangu akasema, "mke wako yuko wapi?"

"Si aliondoka?"

"Nakuuliza yuko wapi."

Alichukua kichwa cha samaki, akakivunja, akanyonya jicho kabla ya kujibu. "Alioza, shemeji. Wewe ungelala na kitu kilichooza? Nilimwambia atafute pa kukaa. Mama ndiye aliyempeleka kule. Chakula anapelekewa. Unataka nini zaidi?"

Alifuta mkono kwenye kitambaa, akauchovya tena kwenye sahani yetu sote.

Tangu jioni ile sikuweza kula sahani moja na mtu yule. Nilikuwa nimeona uchafu mwingi katika maisha yangu mafupi, nimekulia kwenye matumbo ya samaki na magamba, lakini sikuwahi kuona kitu kilichonigeuza tumbo kama lile jicho likiingia mdomoni mwake huku akisema maneno yale.

Asubuhi mama alinichukua nimwonyeshe. Bibi alitufuata nyuma, bila kuitwa. Njiani mama alimgeukia, na haya ni maneno ambayo nimeyabeba yote.

"Mama, kwa nini umetudanganya?"

"Watu walikuwa wanamtukana, mwanangu. Alipokuwa nyumbani watoto walimrushia mchanga. Wanawake walimfukuza mwaloni, eti anawachafulia dagaa. Nikasema, bora wamwogope. Mtu anayeogopwa hatukanwi. Hata wanaume hawakumsogelea usiku."

"Na kumtibu je?"

"Nani alijua kama kuna dawa?"

"Nani aliuliza?" mama akasema.

Tulitembea hadi kijitoni tukisikia malapa yetu tu.

Mama aliingia kwenye matete bila kubana pua. Alikaa huko muda mrefu. Nilisikia kilio, na sikuweza kujua ni cha nani kati yao. Walipotoka, mama alikuwa amemvisha kanga yake mwenyewe na kumfunga nyingine juu, wakaongozana mbele yetu wakiteremka Kibirizi mchana kweupe. Watu walitoka milangoni. Wengine waliziba pua. Mama alisimama mbele ya mmoja wao, mwanamke tuliyekuwa tukikopeshana naye chumvi, akamwambia, "Hujamwamkia mtu shikamoo, unaziba pua?" Nayo ilikuwa kweli, maana mwanamke yule alimwita Saidi kaka, na Zaituni alikuwa mke wa kaka huyo.

Muuguzi aliyempokea hospitalini alieleza kwa maneno machache, wala hakushangaa. Uchungu ulikaa siku nyingi, mtoto akafia katika njia ya uzazi, kibofu kikachanika. Kinashonwa, alisema. Wanashonwa wengi. Mama alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo Bibi alipokaa chini sakafuni, na hakukuwa na mtu aliyemwinua.

Haikuwa rahisi. Zaituni alisafirishwa mbali kwa treni amekalia plastiki, mama akiwa naye, abiria wakihama viti. Operesheni ya kwanza haikushika. Ya pili ilishika. Alirudi akiwa mkavu, akapitiliza kwa wazazi wake Ilagala, akaanza kukamua na kuuza mawese. Na sasa nifike kwenye jambo linalonichefua kuliko yote: Saidi alipopata habari, alituma wazee wawili. Ujumbe wake ulikuwa kwamba amesikia mke wake amekauka, na kwa kuwa hakuwahi kumpa talaka, arudi nyumbani.

Zaituni aliwapikia wazee wale uji, wakanywa. Kisha akawaambia, "Mwambieni anipe talaka yangu. Asiponipa, nitakuja Kibirizi siku ya Ijumaa, watu wakitoka kuswali, niisimulie mwenyewe habari yangu." Talaka ilifika mapema.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliendelea kwenda shambani, na kila alipopita kijitoni alivua malapa, akapita peku. Hakunieleza sababu. Nami sikumuuliza, kwa kuwa nilimpenda, na kwa kuwa nilikuwa namkasirikia, na sikujua nianze na lipi.

Siku hizi ile njia imesafishwa. Vijana wa mjini wamepaka mawe chokaa kuonyesha uelekeo, wamepigilia viti vya mbao penye kivuli, na Jumapili familia hupanda na watoto, chupa za maji na simu za kupigia picha, kisha huteremka Kabuyange kuogelea. Nilipokuja likizo niliwapeleka wanangu. Nilitaka waone ziwa kutoka juu kama nilivyoliona mimi.

Tulipofika kijitoni, kijana aliyetuongoza alisimamisha kundi.

"Jamani, hapa wazee wetu waliamini anakaa jini kikojozi! Ukipita unasikia harufu, lazima umwachie msosi."

Watu wakacheka. Baba mmoja alimwinua mtoto wake juu ya jiwe bapa, mtoto akabana pua kwa vidole viwili, picha ikapigwa. Wanangu nao walicheka. Nikajitenga kando.

Kisha nikamwita yule kijana pembeni. "Huyo jini alikuwa mtu," nikamwambia. "Nilimjua."

"Acha masihara, mama."

"Alikuwa mama yangu mdogo. Alichanika akizaa, mumewe akamfukuza."

Kicheko kilimtoka usoni. Hakuwa kijana mbaya. Alikwaruza mchanga kwa kidole cha kiatu, akauliza, "Sasa niseme nini, nikifika hapa na watu?"

Sikuwa na haki ya kujibu peke yangu. Nikapiga simu Ilagala palepale, nikamweleza Mama Mdogo tulipo na kilichosemwa. Nikaanza kujuta kumkumbusha. Nyuma yake nilisikia watu wakibishana juu ya bei ya mawese.

"Mwambie aseme tu ukweli," akasema mwishoni. "Jina langu alitaje, sina aibu nalo. Lakini akilitaja langu, alitaje na la Saidi. Nilikaa pale peke yangu miaka ile yote. Nisiwekwe tena peke yangu."

Nilimpa kijana majina yote mawili. Alilitambua la pili. Ni la mzee anayekaa mstari wa mbele kwenye harusi na misiba, ambaye watu humpisha kiti. Sijui kama kijana analitaja. Najua tu kwamba alinitazama, akatazama chini Kibirizi, na hakurudia utani wake hadi tulipofika ufukweni.

Nimejiuliza mara nyingi Bibi alikuwa mtu wa namna gani. Alimlisha mwanamke aliyetupwa na watu wote, akamjengea ukuta wa hofu ili asiguswe, na kwa ukuta uleule akawazuia watu wasimfikie kumtoa. Sidhani alikuwa mwovu. Nadhani alifanya wema wote alioweza kuufanya bila kumkasirisha mwanawe wa kiume, kisha ule alioshindwa kuufanya akausingizia mizimu. Usiku ule, wanangu wakiwa wamelala, niliwaza juu ya kinyaa, jinsi mwili unavyojua wenyewe kukataa samaki aliyeoza, bila kufundishwa. Kumkataa mtu ni somo. Mimi nilifundishwa na mwanamke aliyenipenda, akinishika mkono.