Gauni la Fainali Halifuliwi

Maryvonne Le Goaziou alifua nguo za wachezaji wa tenisi kwa miaka ishirini na sita pale Porte d'Auteuil, Paris, chini ya ngazi za uwanja mkubwa, na katika miaka hiyo yote hakuona fainali ila moja. Nyingine tulizisikia tu. Watu elfu kumi na tano wakikanyaga juu ya kichwa chako, huhitaji televisheni. Mimi, Ghislaine, nilikuwa meza ya pasi, yeye kwenye sinki, na kila mara dari ilipotikisika alisema, "Haya, mwingine kajigaragaza. Nisogezeeni siki."

Alitoka kwao Bretania, magharibi mwa Ufaransa, akiwa na miaka kumi na tisa, akafua mashuka ya hoteli hadi alipopata kazi hii ya mashindano ya kila mwaka, nayo akaipenda kama sikukuu. Udongo wa pale ni matofali yaliyosagwa. Ukishaingia kwenye uzi mweupe haukubali kuagana. Wasichana wapya walikimbilia maji ya moto, naye akawapiga vikofi vya mikono. "Ukiutilia moto unaujengea nyumba humo. Maji baridi, sabuni ya kipande, siki, subira."

Mwaka ninaousimulia alikuja Jimena Arbiza, binti wa Uruguay aliyepitia mchujo, hakuna aliyemjua. Wachezaji wakubwa huleta nguo kwa wapambe wao. Huyu alizileta mwenyewe, magauni mawili ndani ya mfuko wa duka la mboga.

"Mama, nacheza tena keshokutwa. Yatakuwa yamekauka?"

Maryvonne akaligeuza gauni moja. "Mwanangu, ulikuwa unacheza au unalima?"

"Baba yangu ana shamba la viazi. Nimezoea yote mawili."

Tangu hapo wakawa kitu kimoja. Maryvonne hakuuliza matokeo. Aliyasoma kwenye nguo.

"Leo umechafuka upande wa kushoto tu. Alikuwa anakuvuta huko. Mbona na wewe hukumvuta?"

"Kocha naye kasema hivyohivyo."

"Basi msikilize hata mmoja wetu."

Akashinda robo fainali. Akashinda nusu fainali. Siku hiyo Maryvonne alikuwa ameoka keki ya siagi ya kwao Bretania, na Jimena akala nusu nzima akiwa amesimama. Kisha akatoa magauni sita mapya aliyoletewa na kampuni inayomvalisha.

"Siyataki, yanawasha. Nataka lile lililofumuka kwapani."

Maryvonne akalishona kwa mkono papo hapo. Jimena akaweka tiketi mbili juu ya meza yangu. "Nina viti sita na watu wawili tu, kocha na kaka yangu. Mje nyinyi, wewe na Mama Ghislaine."

"Na nguo atafua nani?" Maryvonne akauliza.

Nikamwambia, "Shoga, ni fainali. Zimebaki nguo za watu wawili, na wote wawili watakuwa wamezivaa."

Jumamosi tukaketi juani kama wageni wa heshima. Sidhani kama Maryvonne aliuona mpira. Alitazama gauni. Jimena alipoteza seti ya kwanza kwa bingwa wa mwaka uliotangulia, akachukua ya pili, na katika ya tatu akaanza kumvuta yule bingwa huku na huku kama mtu anayeswaga ng'ombe. Mpira wa mwisho wa yule bingwa ulipotoka nje, Jimena alianguka chali, akabingirika.

Uwanja mzima ukasimama. Maryvonne akanibana mkono. "Kauchafua mgongo wote, Ghislaine. Mgongo wote." Alikuwa akicheka, na machozi yanamshuka hadi kidevuni.

Jioni tuliporudi kwetu chini, alikuja bwana mmoja wa makumbusho, amevaa glavu nyeupe, amebeba sanduku.

"Gauni hili halifuliwi," akasema. "Litakaa kwenye kabati la kioo hivi hivi, na udongo wake."

"Bwana, watu watapita hapo miaka hamsini. Watauliza dobi wake alikuwa nani."

"Ndiyo thamani yake, mama."

"Thamani ya uchafu?"

Jimena alikuwa amekaa juu ya meza yangu na suruali ya jinzi, kombe liko sakafuni, anamalizia keki. "Mpe tu, Mama."

Maryvonne akalishika gauni kitambo, kisha akaliachia. "Soksi, basi. Niachieni soksi."

Yule bwana akawaza, akakubali.

Basi bingwa na dobi wakasimama pamoja kwenye sinki, mmoja akisugua, mwingine akisuuza, wakibishana kama viazi vya Uruguay ni vitamu kuliko vya Bretania. Maji yalimwagwa mara saba. Zilipotoka nyeupe kabisa, nilizipiga pasi, ingawa soksi hazipigwi pasi.