Adui wa mwisho amevaa kitenge changu cha harusi

Mume wangu amenifanya adui katika mchezo wa simu anaoutengeneza.

Leo kanipa niujaribu. Mwisho kabisa nikamkuta mwanamke mwenye mwiko, amesimama mlangoni mwa jikoni.

Kitenge chake ni kile cha harusi yetu. Jina lake Riziki, kama mimi.

Nikanuna. "Ni vile unanionaka?"

"Pigana naye kwanza, sheri wangu."

Nikamkata kwa upanga, nikafa mimi. Nikarudia, nikafa tena.

Mume wangu akacheka. "Ule hawamupigi. Weka upanga chini, unawe mikono."

Nikanawa. Riziki akatabasamu, akanitengea bukari, ule ugali wetu, na samaki wa ndagala, nikawa nimeshinda.

Wenzangu wa hapa mjini Baraka, bado ninune?

Nawauliza huku nasonga bukari, na mume wangu ameshanawa mikono.